Kuwaunga mkono wanawake wa anga: mwongozo kamili kuanzia darasani na karakana hadi chumba cha marubani

Mwaka 1934 shirika dogo la ndege la Marekani, Central Airlines, lilimwajiri Helen Richey kuwa rubani. Magazeti yalimwandika na shirika likapata jina. Lakini chama cha marubani, kilichokuwa cha wanaume watupu, kilikataa kumpokea. Safari alizopangiwa zikawa za kuhesabu, na mwaka 1935 akaacha kazi. Karibu miaka 40 ikapita: hadi 1973 ndipo shirika la ndege la ratiba nchini humo lilipomwajiri rubani mwingine mwanamke, Emily Howell.

Kisa hicho bado kinajirudia kwa sura nyingine. Mwanamke anashangiliwa siku ya kwanza, kisha anaachwa ahangaike peke yake na ada, saa za kuruka, sare isiyomkaa na bosi asiyempangia zamu. Ndiyo maana duniani kote marubani wanawake wa mashirika ya ndege bado ni takribani 5 tu kati ya 100. Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, mkufunzi, meneja, mfanyakazi mwenza na mwandaaji wa shughuli. Utaona nimetumia nafasi kubwa kwenye fedha na mazingira ya kazi, na nafasi ndogo kwenye sherehe. Ni kwa makusudi.

Hatua ya kwanza: zijue kazi zenyewe kabla ya kumshauri mtu

Msichana akisema anapenda ndege, wakubwa humuuliza: unataka kuwa rubani au mhudumu wa ndani ya ndege? Nje ya hizo mbili kuna kazi tele ambazo hakuna aliyemtajia. Kuna fundi wa ndege mwenye leseni, ambaye asipotia sahihi baada ya matengenezo ndege hairuki. Kuna mwongoza ndege, anayetakiwa kuwa na kichwa kilichotulia na sauti isiyotetereka. Kuna mpangaji wa safari anayekokotoa mafuta, uzito na njia. Kuna mkaguzi wa usalama, mtaalamu wa hali ya hewa, mwanasheria wa anga, mhandisi wa injini, mrusha droni, mtengenezaji wa satelaiti na mchambuzi wa picha zinazopigwa na satelaiti hizo.

Kwenye anga za juu ndiyo zaidi. Kabla mwanaanga wa Marekani John Glenn hajaizunguka dunia Februari 1962, aliomba hesabu za kompyuta zihakikiwe na Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, aliyezipitia kwa mkono. Mwenzake Mary Jackson alilazimika kuomba kibali cha mji ili asome na wazungu katika shule iliyowabagua watu weusi. Mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke mweusi wa NASA. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake hao wawili aliyepanda roketi.

Andaa karatasi moja yenye kazi kama kumi. Kila kazi ieleze masomo yanayotakiwa, umri wa chini, nani hutoa leseni na mafunzo huchukua muda gani. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vitakupa pa kuanzia: leseni ya urubani binafsi huanzia miaka 17, ya biashara 18, ya juu kabisa ya marubani wa mashirika 21, fundi wa matengenezo 18, mwongoza ndege 21. Kisha angalia kanuni za mamlaka ya anga ya nchi husika, maana nyingine zina masharti ya ziada.

Hatua ya pili: ondoa hofu za nyumbani kwa majibu ya kweli

Ndoto nyingi hufia sebuleni. Mzazi hana nia mbaya, ila ana maswali na hakuna anayemjibu. Mtafutie majibu.

Anavaa miwani, ataweza? Ataweza. Kinachopimwa ni kama macho yanaona vizuri yakiwa yamerekebishwa kwa miwani au lenzi, na kama anatofautisha rangi inavyotakiwa. Ni mfupi, je? Kipimo halisi ni kama akikaa kwenye kiti anaona nje na miguu inafika kwenye pedali, na viti vingi vya marubani hurekebishwa. Ataolewa lini? Marubani wanawake wana familia kama marubani wanaume. Swali la nani atalea mtoto safari inapochelewa liwahusu wazazi wote wawili.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulikosea mpangilio, na hugharimu sana: cheti cha afya. Kabla hujalipa hata senti moja ya ada ya urubani, binti apimwe na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, na apime daraja la kwanza, lile la marubani wa biashara. Waongoza ndege hupimwa daraja la tatu. Akipata tatizo mapema, bado ana fedha na muda wa kutibiwa, kuomba tathmini zaidi au kuchagua kazi nyingine ya anga. Akiligundua baada ya kulipa nusu ya kozi, familia nzima inaumia.

Shuleni, mlinde asiache hisabati na fizikia. Na Kiingereza kisidharauliwe: rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa lazima wafikie angalau daraja la 4 kwenye kipimo cha ICAO. Mwalimu anayemfanyisha mazoezi ya kusema kwa ufupi na kwa usahihi anamsaidia kuliko anayemkaririsha sarufi.

Baba anaweza kuwa nguzo kubwa hapa. Amy Johnson wa Uingereza alipata leseni ya ufundi wa ndege mwaka 1929, na mwaka 1930 akaruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Sehemu ya bei ya ile ndege ilitoka mfukoni mwa baba yake.

Hatua ya tatu: zungumzia fedha bila haya

Hapa ndipo wengi hukwama, wavulana kwa wasichana. Ila familia yenye uwezo wa kumlipia mtoto mmoja mara nyingi humchagua mvulana, na benki zinazotaka dhamana ya ardhi au nyumba huwaumiza zaidi wanawake wasio na mali kwa majina yao.

Elewa kwanza fedha zinakwenda wapi. Kiwango cha chini cha ICAO kwa leseni binafsi ni saa 40 za kuruka, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu ni saa 1,500. Kila saa ina mafuta, matengenezo, bima na mwalimu ndani yake. Wanafunzi wengi hupita kiwango cha chini kabla ya kufaulu, kwa hiyo bajeti ya saa 40 kamili ni bajeti ya kukwama njiani. Tenga akiba ya angalau robo juu yake.

Kabla ya kulipa chuo chochote, nenda na maswali haya, na majibu uyatake kwa maandishi:

- Ada inajumuisha mitihani, vitabu, cheti cha afya, ada za kutua na mtihani wa mwisho wa kuruka, au ni saa tupu?
- Chuo kina ndege ngapi zinazoruka leo, na walimu wangapi wa kudumu?
- Mwanafunzi wa kawaida humaliza kwa muda gani na kwa saa ngapi?
- Nikiacha au chuo kikifungwa, fedha zilizobaki zinarudi vipi?
- Wanafunzi wa kike wangapi walianza miaka mitatu iliyopita, na wangapi walimaliza?

Usilipe kozi nzima kwa mkupuo hata ukipewa punguzo nono. Lipa kwa awamu, kila awamu ifuate kazi iliyofanyika. Na mwanafunzi asianze mpaka ana fedha za kuruka mfululizo hadi mwisho wa awamu. Anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya kila somo kukumbuka la nyuma, na hatimaye hulipa zaidi ya aliyesubiri akajikusanya.

Ufadhili upo, lakini unataka maandalizi. Ninety-Nines, umoja wa marubani wanawake ulioanzishwa 1929 na wanachama 99, hutoa misaada ya mafunzo kwa jina la Amelia Earhart, rais wao wa kwanza. Women in Aviation International, umoja wa kimataifa wa wanawake wa anga, hutoa ufadhili kila mwaka, na mafundi na wahandisi nao huhesabiwa. Zonta International, umoja wa kimataifa wa kuwainua wanawake, hufadhili wanawake wanaosomea udaktari wa falsafa katika sayansi na uhandisi wa anga, na imefanya hivyo tangu 1938. Soma masharti mapema: baadhi hutaka uwe mwanachama kwanza, na tarehe za mwisho hazisubiri mtu.

Kama wewe ndiye unayetaka kufadhili na huna mamilioni, lipia kile kipande kidogo ambacho hakuna anayekikumbuka: ada ya cheti cha afya, ada ya mtihani, nauli na chumba karibu na uwanja wa ndege, vifaa vya fundi anayeanza kazi. Mara nyingi mtu hukwama kwa kiasi kidogo baada ya kulipa kikubwa. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, alipokataliwa na vyuo vya urubani vya Marekani kwa sababu ya rangi na jinsia yake, mhariri wa gazeti la Chicago Defender, Robert Abbott, alimshauri aende Ufaransa na akasaidia kumtafutia fedha. Yeye mwenyewe alijifunza Kifaransa na kuweka akiba ya mshahara wake. Juni 1921 alikuwa na leseni mkononi.

Hatua ya nne: mvushe pengo la baada ya leseni

Sherehe ya kuhitimu ikiisha, msichana ana saa 200 na mwajiri anataka nyingi zaidi. Hili ndilo pengo linalomeza watu wengi kimyakimya. Njia za kulivuka zinajulikana: ualimu wa urubani, safari za mizigo midogo, upigaji picha kutoka angani, ndege za kilimo, au programu za mashirika zinazochukua marubani wapya. Fundi naye anahitaji karakana itakayomwachia aguse injini na ajaze kitabu chake cha kumbukumbu za kazi, maana fundi aliyeachiwa kufagia na kujaza fomu hamalizi masharti ya leseni.

Kama una nafasi ya kuajiri, tangaza nafasi hadharani. Nafasi zinazogawiwa kwa simu kati ya marafiki huwafikia wale wale. Andika masharti yanayohitajika kweli kwa kazi hiyo, na panga maswali ya usaili mapema ili kila mwombaji aulizwe yale yale. Swali la "una mpango wa kuzaa?" lifutwe.

Barua ya mapendekezo inastahili uangalifu wa pekee. Soma hii: "Ni binti mwenye nidhamu, mpole, anayejituma na anayependwa na wote." Haina kosa, lakini haimsaidii. Msomaji hajajua kama anaweza kazi. Sasa soma hii: "Nimemfundisha kuruka kwa kutegemea vyombo tu, bila kuangalia nje. Injini ilipozimwa kwa mazoezi alikamilisha hatua zote kwa mpangilio bila kukumbushwa, akachagua uwanja sahihi na kutua salama katikati ya upepo wa ubavuni. Ningempa ndege yangu." Andika ya pili. Kama huwezi kuiandika kwa sababu hukumbuki aliyoyafanya, mrudie, rukeni pamoja, kisha uandike.

Hatua ya tano: rekebisha kazi, usimrekebishe mwanamke

Machi 2019 NASA ilikuwa imepanga wanawake wawili watoke pamoja nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mpango ukaahirishwa kwa sababu sehemu ya kiwiliwili ya vazi, saizi ya kati, iliyokuwa tayari kutumika ilikuwa moja, na wote wawili waliihitaji. Christina Koch na Jessica Meir walitoka pamoja tarehe 18 Oktoba 2019. Wanawake walikuwepo na ujuzi walikuwa nao. Kilichokosekana ni vazi.

Sasa pita kwenye eneo lako la kazi kwa jicho hilo hilo. Sare za marubani wa kike zinashonwa kwa vipimo vyao, au wanapewa suruali ya mwanamume iliyopunguzwa? Kuna sare ya mjamzito? Glavu, buti na mikanda ya usalama ya karakana vina saizi ndogo? Glavu inayoteleza ni hatari mtu anapofunga waya wa usalama kwenye boliti. Je, choo cha wanawake kiko karibu na hanga, yaani jengo la kuwekea ndege, au ni mwendo wa dakika kumi? Kina mlango unaofungika, maji na pipa lenye kifuniko? Kwenye safari ndefu na kambi za mbali, malazi yana usalama? Orodha hii hugharimu kidogo kuliko hotuba moja ya kila mwaka, na wanawake huihisi kila siku.

Uzazi upangwe mapema, kwa maandishi. Viwango vya ICAO vinapendekeza kwamba rubani mwenye mimba isiyo na matatizo, inayosimamiwa na daktari, aweze kuhesabiwa kuwa na afya ya kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Mwongoza ndege hadi mwisho wa wiki ya 34. Nchi nyingi zina kanuni zao juu ya hapo. Kwa hiyo kila mwajiri ajibu maswali manne kabla mtu hajapata mimba: atafanya kazi gani ya ardhini wakati haruki? Mshahara wake utakuwaje pale ambapo sehemu kubwa hutokana na posho za safari? Nafasi yake kwenye foleni ya ukapteni itahifadhiwa? Na akirudi, nani atampangia simuleta, ile mashine ya mazoezi inayoiga ndege? Rubani asiyepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 hawezi kubeba abiria mpaka arejeshe sifa hiyo, hivyo tarehe ya simuleta iwekwe kwenye ratiba kabla likizo haijaanza. Wanaume wapewe likizo ya baba na waichukue kweli. Bila hivyo, kuzaa kutaendelea kuhesabiwa kuwa tatizo la mfanyakazi mmoja.

Unyanyasaji wa kijinsia na rushwa ya ngono lazima vitajwe kwa majina yake. Mwanafunzi wa urubani hukaa saa nyingi na mwalimu mmoja kwenye nafasi finyu, na mwalimu huyo ndiye anayesaini kitabu chake cha kumbukumbu za kuruka. Huo ni mwanya mkubwa. Chuo kiweke njia ya kubadilisha mwalimu bila kutoa maelezo, mtihani usimamiwe na mtu mwingine, na malalamiko yapelekwe kwa mtu asiyewasimamia walimu. Atakayelalamika aendelee kuruka wakati uchunguzi unafanyika. Kumsimamisha yeye ni kumwadhibu kwa kusema.

Na wenzake wa kiume? Abiria anapompita kapteni wa kike na kumuuliza rubani msaidizi wa kiume ndege itaondoka lini, jibu ni fupi: "Muulize kapteni, yuko hapa." Kwenye mkutano, wazo la mwanamke likirudiwa na mtu mwingine anayejifanya ndiye mwenyewe, sema lilikotoka. Usimpe kazi ya chai na kuandika muhtasari kila mara. Ni mambo madogo kwa anayeyafanya, ila kwa anayeyapokea kwa miaka kumi hujumlishwa.

Hatua ya sita: mpe mlezi, kisha mpe mtetezi

Mlezi wa kitaaluma humshauri. Mtetezi humtaja kwenye kikao ambacho yeye hayupo, na huweka jina lake kwenye orodha ya watakaopandishwa. Wanawake wengi hupewa walezi kadhaa na mtetezi hata mmoja hawana. Kama una cheo, kazi yako ni hiyo ya pili, uwe mwanamume au mwanamke.

Ulezi mzuri una ratiba: kikao kimoja kwa mwezi, lengo moja kwa kila kikao, na mwisho unaojulikana baada ya mwaka. Usimtwike rubani mmoja wa kike ulezi wa wasichana wote wa nchi nzima. Naye ana safari na mitihani yake.

Hatua ya saba: sherehekea kazi iliyofanyika

Tarehe hazikosekani. Tarehe 8 Machi 1910 Raymonde de Laroche wa Ufaransa alikuwa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya urubani, kwa hiyo wiki yenye Siku ya Wanawake Duniani ina uzito wa pekee kwa wanawake wa anga. Tarehe 16 Juni 1963 Valentina Tereshkova wa Muungano wa Sovieti alirushwa anga za juu, mwanamke wa kwanza kufika huko, akaizunguka dunia mara 48. Tarehe 11 Februari ni siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, 4 hadi 10 Oktoba ni Wiki ya Anga za Juu Duniani, 20 Oktoba ni siku ya waongoza ndege, na 7 Desemba ni Siku ya Usafiri wa Anga Duniani.

Unapoandaa siku ya wasichana, punguza hotuba na uongeze mikono. Zoezi moja ninalolipenda halihitaji ndege kuruka. Mpe msichana kikombe kisicho na rangi kinachopitisha mwanga, mwonyeshe valvu iliyo chini ya bawa la ndege ndogo, achukue sampuli ya mafuta kwa usimamizi wa fundi. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya samawati. Aiinue kwenye mwanga atafute tone la maji lililotulia chini kabisa, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini. Muulize: ukiliona tone hilo, unaruka? Hapo amefanya kazi ya rubani na ya fundi kwa pamoja, na atawasimulia wenzake.

Wazazi waalikwe, wapewe ile karatasi ya kazi kumi. Mtoa mada wa kike alipwe kama mtoa mada mwingine yeyote. Mafundi na waongoza ndege wakae meza ya mbele pamoja na marubani. Baada ya wiki mbili wapigie wasichana waliokuja, na uwape hatua inayofuata: klabu, ziara ya mnara wa kuongozea ndege, au jina la mtu wa kumuuliza.

Uandishi nao unahitaji nidhamu. "Rubani mrembo aliyewashangaza wengi" ni matusi yaliyovikwa sifa. Andika aina ya ndege anayorusha, njia anazopita, saa alizonazo, cheti kipya alichopata, kosa alilolibaini kwenye ukaguzi. Mwaka 1983 waandishi walimuuliza mwanaanga wa Marekani Sally Ride kama hulia mambo yanapoharibika kazini, ilhali alikuwa na shahada ya udaktari wa fizikia na anaenda kuendesha mkono wa roboti wa chombo cha anga. Omba ruhusa kabla ya kuchapisha picha, na akikataa, ukubali. Sifa ya "mwanamke wa kwanza" ikitumika, ifuatwe na swali: wa pili yuko wapi, na nini kinamchelewesha?

Hatua ya nane: hesabu, kisha uliza walioondoka

Kila mwaka hesabu wanawake kwa kila ngazi: walioomba, waliochaguliwa, waliomaliza, walioajiriwa, waliopandishwa, walioondoka. Jumla moja ya shirika zima inaweza kudanganya, maana wahudumu wa ndani ya ndege huwa wengi na huficha upungufu wa chumba cha marubani na karakana. Linganisha pia mishahara ya watu wenye kazi na muda sawa.

Ukiona ngazi ambayo wanawake wanapukutika, nenda kawaulize walioondoka, kupitia mtu ambaye hakuwa bosi wao, na uwahakikishie kwamba majibu hayataharibu barua zao za mapendekezo. Waulize nini kingewafanya wabaki. Kisha chagua mambo mawili kati ya waliyoyataja, yape fedha, mhusika na tarehe, na ubandike maendeleo yake kila robo mwaka pale pale panapobandikwa ratiba ya zamu.